Amana Iliyofungwa kwa Gundi



Kila zama huja na vyombo vyake, na kila chombo huja na masuala yake. Wazee wetu walipoletewa cherehani na baiskeli, waliuliza kwanza kama bei yake ni ya haki, kisha wakauliza: kikiharibika, nani atakitengeneza? Swali hili la pili siku hizi tumeliacha. Nataka tulirudie leo kwa habari ya chombo ambacho kimeshaingia mpaka ndani ya madrasa zetu, nacho ni kompyuta mpakato, ile ambayo vijana huiita laptopu.

Huenda utasema: "Sheikh, wewe mtu wa juzuu na Ajurumiya, kompyuta zakuhusu nini?" Zanihusu kwa sababu ya amana. Nisikilize, kisha uamue mwenyewe.

Madrasa yetu huku Nachingwea ilikuwa na kompyuta mbili. Moja kuukuu, nene na nzito, iliyonunuliwa mtumba kwa michango ya msimu wa korosho. Humo mliwekwa majina ya wanafunzi na hesabu za shamba letu la wakfu. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, yenye kung'aa, tuliyoletewa na mtu wa kheri, Mwenyezi Mungu amlipe. Humo vijana walihifadhi sauti za darasa za tafsiri za mzee wetu mmoja, alizosomesha baada ya Alasiri kwa miaka mitatu kabla hajafariki. Mzee yule hakuandika kitabu. Elimu yake ilikuwa kifuani mwake, na alipotutoka, sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa ndani ya chombo kile.

Usiku mmoja wa masika ikapiga radi karibu na madrasa, na kompyuta zote mbili zilikuwa kwenye chaji. Asubuhi hapakuwa na hata moja iliyowaka. Nikazifunga katika kanga, nikapanda gari kwenda Ruangwa kwa kijana mmoja fundi, niliyepata kumsomesha.

Aliniamkia, akanikalisha kwenye benchi, akaanza na ile kuukuu. Skurubu chache tu, mfuniko ukatoka. Akachomoa diski ya kumbukumbu, akaitia katika kijisanduku chake, akaiunganisha na kompyuta yake. Majina yote yakatokea, na hesabu zote za wakfu. Kisha akaifungua ile mpya. Hapo alikawia sana, maana ilikuwa imefungwa kwa gundi. Alipofika ndani aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa adabu:

"Sheikh, hii diski yake haichomoki. Imechomelewa palepale kwenye bodi, pamoja na memori na kila kitu. Bodi imekufa, na vilivyomo vimefia humo. Wako wataalamu wenye mitambo mikubwa wanaoweza kujaribu, lakini gharama yake itapita bei ya kompyuta yenyewe, tena bila ahadi."

Darasa zilikuwa zaidi ya mia moja. Tulizoziokota katika simu za wanafunzi waliokuwa wamejinakilia ni kumi na moja.

Ndugu msomaji, radi ni kadari ya Mungu, wala hatuna la kusema ila kusubiri. Lakini ifikiri hali hii. Radi ni moja, usiku ni mmoja, na kompyuta zote mbili zilikufa. Moja ilirudisha amana iliyowekwa ndani yake, ya pili ikaizuia. Tofauti hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Ililetwa na binadamu aliyekaa mezani akaamua kwamba chombo hiki kifunguke, na kile kisifunguke.

Tuwe waadilifu katika maneno yetu. Wanaochomelea vitu juu ya bodi wana hoja zao. Chombo huwa chembamba na chepesi kubeba, na mara nyingine huenda kasi zaidi. Kwa msafiri hayo ni manufaa. Lakini manufaa hayo yana bei isiyoandikwa kwenye kibandiko cha dukani. Betri ikichoka, chombo kizima kiko mashakani. Memori ikiwa ndogo, itabaki ndogo milele. Na bodi ikifa, kila kilichomo kinazikwa nayo.

Wala isidhaniwe kwamba haiwezekani kufanya vingine. Huko Marekani, mtu aitwaye Nirav Patel alianzisha mwaka 2020 kampuni iitwayo Framework, na mwaka 2021 ikatoa kompyuta mpakato iliyokusudiwa tangu mwanzo kufunguliwa na mwenyewe. Ndani ya sanduku lake hutiwa bisibisi. Betri, kioo, kibodi, memori na diski, vyote hutoka na kurudi, na kila kipande kina alama ya kumwelekeza mtu namna ya kukibadili. Ajabu kubwa zaidi ni bodi yake kuu. Zilipotoka bodi zenye nguvu zaidi katika miaka iliyofuata, aliyenunua ile ya 2021 aliweza kuitia bodi mpya katika mwili uleule wa zamani, na bodi aliyoitoa ikafanya kazi nyingine peke yake. Bei yake ilianza karibu dola 1,000, nayo haipelekwi kila nchi, wala mimi sijaiona Ruangwa. Siitaji ili uinunue. Naitaja ili muuzaji asikuambie kwamba gundi ni jambo la lazima.

Na sisi watu wa Nachingwea tulipaswa kuwa wa kwanza kulifahamu somo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaletwa matrekta, mengi yakiwa masalio ya Vita Kuu ya Pili. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Ukame na udongo vilikuwa na sehemu yao. Lakini sehemu nyingine ilikuwa hii: mashine zilikufa kwa wingi, spea zikawa mbali, na mafundi wachache. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga hizo nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Mashine usiyoweza kuitengeneza ni mgeni tu nyumbani kwako, siku yoyote ataondoka.

Jambo jingine ni la kusikitisha zaidi. Chini ya ardhi ya Ruangwa kuna madini ya kinywe, na huku Nachingwea, katika kilima cha Ntaka, kuna nikeli. Kinywe ndicho kinachotumika ndani ya betri za kompyuta na simu, na nikeli huingia katika betri nyingi. Ardhi yetu huchimbwa ili betri itengenezwe, kisha betri hiyo hufungwa kwa gundi, na ikichoka hutupwa pamoja na chombo kizima. Hesabu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2024 zasema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zisizofika robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ikiwa huu si ubadhirifu, basi neno hilo halina maana.

Dini yetu haikunyamaza katika mambo kama haya. Bwana wetu Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo yake kwa mkono wake mwenyewe. Na katika wakfu, msingi ni ule aliofundishwa Sayyidna Umar kwa ardhi yake ya Khaybar: asili ya mali ibaki, na matunda yake yatolewe. Basi anayetoa wakfu wa kompyuta naatazame: je, chombo hiki asili yake itabaki, au kitakufa kwa kosa la kipande kimoja? Na muuzaji naye ajue kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni khiyana. Mnunuzi akiuliza, aambiwe kweli.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa fedha ya korosho yako, au ya wanafunzi, uliza maneno manne. Kwanza: betri yatoka? Pili: memori na diski zimechomekwa, au zimechomelewa? Tatu: spea zake zapatikana hapa nchini? Nne: fundi wa mjini kwangu amewahi kuifungua? Kompyuta nyingi za maofisini za miaka iliyopita, kama vile ThinkPad na Latitude, zinazouzwa mitumba, hujibu maswali haya vizuri kuliko mpya nyingi zinazong'aa. Kisha, hata ukiipata iliyo njema, usiweke elimu mahali pamoja. Nakili, na nakala ikae nyumba nyingine. Wanavyuoni wetu wa kale hawakuacha kitabu kiwe kimoja.

Na vijana wetu wanaojifunza ufundi tusiwadharau. Kijana mwenye bisibisi, mkweli wa kauli, asiyebadili kipande kizima kwa kibovu nyuma ya mgongo wako, huyo yumo katika kheri kubwa, na mji unaomkosa ni maskini hata ukiwa na maduka mia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, aibariki elimu iliyobaki katika vifua vya wanafunzi wake, na atujaalie tuwe walinzi wema wa kila tulichokabidhiwa, kikubwa na kidogo. Amin.