Kirumi Ndogo Nyuma ya Banda

Nauza chakula Mugumu, wilayani Serengeti: ugali wa mtama na muhogo, dagaa, supu, na siku ya mnada kichuri. Kwa miaka sita kazi yangu ya mwisho kila jioni ilikuwa kubeba mabeseni ya maji ya vyombo na kuyamwaga mteremkoni. Sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi. Majani kule yalistawi, nikaona hata nafanya wema.

Chini ya mteremko anakaa mzee mmoja mwenye kisima kifupi cha kuchimba. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, alikuja na hakuagiza chai. Aliweka kindoo mezani. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta na ganda la kitunguu. "Mwanangu," akasema, "chakula chako tunakula wengi, mbona mabaki nanywa peke yangu?" Wateja wakacheka. Mimi nilikosa pa kuuweka uso.

Wiki hiyohiyo nikamlipa kijana achimbe shimo, mita mbili kwenda chini. Wanaoijua Serengeti wameshajua kilichofuata. Kwangu ni udongo wa mbuga, ule mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huvimba ukajifunga. Kule juu Tarime, kwenye udongo mwekundu unaonyonya, huenda lingefaa. Langu lilijaa, likazaa mbu, na harufu yake ikafukuza wateja kuliko kindoo cha mzee.

Bwana afya alipokuja nilitarajia faini. Badala yake alichuchumaa, akafinyanga tonge la udongo, akaniambia nina maadui wawili: udongo usiokunywa, na mafuta yanayoziba hata ule unaokunywa.

Sasa maji hupita kwanza kwenye pipa. Mafuta huelea, masalia huzama, ya katikati hutoka kwa bomba na kuingia kwenye mfereji mrefu, mpana, wa kina cha goti tu. Nimeujaza mawe, kokoto na mchanga, juu nimepanda matete, mwishoni migomba. Mizizi na kokoto ni makazi ya vijidudu, na vijidudu ndivyo vinavyokula uchafu. Yanayobaki ni ya migomba na jua. Ya chooni hayaingii humo, yana shimo lake upande wa pili, zaidi ya mita 30 kutoka kisima cha mzee.

Bwana afya alipokuwa akinieleza mpango huu nikakumbuka mafunjo tunayoyaona darajani Kirumi, tukitoka Musoma kwenda Tarime. Mto Mara unatoka Mau, Kenya, ukipita kwa wakulima na wafugaji, na kwenye mafunjo yale hupunguza mwendo na kuacha tope kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Nimeyapita mara ngapi nikidhani ni kichaka!

Kinachonichosha ni Jumamosi, kukomba mafuta ya pipa. Yananuka kuliko chochote ninachokijua jikoni. Nayachanganya na majivu na kuyazika. Mwezi niliougua hakuna aliyeyakomba, kokoto zikaziba, maji yakarudi njiani. Mzee alipita, akayatazama, akainua kanzu na kuruka bila neno. Nilipopata nafuu niliziosha kokoto zote upya, siku mbili. Maji ya kisima chake bado hayanywi mpaka yachemke, nami sijamwambia aache.