Hata Pazia Hupigiwa Hodi

Wasee, hizi video za kupamba chumba zinazozunguka mtandaoni zina shida moja: zote zinaanza na chumba. Mtu anakuonyesha kuta nne, dirisha lake, mlango wake, halafu anakwambia chagua rangi. Sawa. Mimi natoka Kamukuywa, hapa kwa barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, na wengi wetu tumelelewa kwa ploti: chumba kimoja au viwili vya kukodi, mabati juu, choo cha pamoja huko nyuma. Chumba cha kijana kwa nyumba kama hizo ni kochi. Usiku unatandika, asubuhi unaficha blanketi kabla mgeni hajafika.

Na si ati wazee hawakuliona hili jambo. Kwetu Wabukusu, mvulana akishatahiriwa, ile Agosti ya mwaka wa shufwa, haendelei kulala kwa nyumba ya mamake. Anakuwa na simba yake. Wasichana wakubwa nao walikuwa wanalala kwa nyanya. Walijua mtu akifika umri fulani anahitaji mahali pake. Kisha tukahamia ploti. Mwenye nyumba hawezi kukuruhusu ujenge simba kwa uwanja wake, na nyanya amebaki kijijini.

Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo nikarudi nyumbani, nilipata mdogo wangu wa kike, miaka 15, anabadilishia nguo bafuni ya ploti, huko nje, kwa sababu ndani kuna mimi, ndugu zetu wawili na televisheni. Hapo ndipo tuliamua atengenezewe kona. Bajeti ilikuwa shilingi 1,000. Masharti ya mwenye nyumba: usigonge msumari, usipake rangi, la sivyo usahau dipoziti.

Tulianza na kamba. Kama nyumba yenu haina silingi, boriti za paa zinaonekana, kwa hivyo funga kamba ngumu kutoka boriti hadi vyuma vya dirisha. Hakuna msumari hata mmoja.

Kisha pazia. Nenda mitumba Kitale au siku ya soko hapa karibu, utafute shuka nzito. Usinunue kwa sababu ya maua. Ishike juu uelekeze kwa jua. Ukiona kivuli cha mkono wako upande wa pili, iache. Hiyo ukiwasha taa usiku, nyumba nzima itatazama kivuli cha mtoto wa watu akivaa.

Ukutani tuliweka leso. Leso zinauzwa mbili mbili, kwa hivyo ukikata unapata moja ya ukuta na nyingine ya kufunga chini ya mabati juu ya kitanda, iwe kama silingi. Angalia tu ile ya ukutani jina lisikae juu chini, kwa sababu utalisoma kila siku. Mdogo wangu alichagua yake mwenyewe na hataki niseme imeandikwa nini.

Picha za magazeti tulibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Si mtindo mpya huu, kuta nyingi za matope zimebandikwa magazeti miaka yote. Siku ya kuhama unalowesha kwa maji ya moto unabandua. Jaribu kwanza nyuma ya kabati, maana kama ukuta ni wa chokaa, itatoka na karatasi.

Rafu ni masanduku ya mbao ya nyanya kutoka sokoni. Yapige msasa yasichome mtu, yapange moja juu ya lingine, yafunge pamoja kwa waya. Na kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho cha kwanza: sanduku moja la chuma na kufuli. Ufunguo ni wake peke yake. Mtoto anaweza kuishi bila taa za rangi, lakini akose mahali pa kuweka daftari lake na sodo zake bila mtu kupekua? Hapana.

Tahadhari mbili. Kitambaa kikae mbali na jiko, koroboi, mshumaa na balbu. Nyumba za ploti zimeshikana, moto wako ni wa majirani wote. Pili, mabati hutoa jasho wakati wa mvua, kwa hivyo teremsha leso uianike kabla haijaota ukungu.

Sasa kuna wazazi watauliza, mtoto anataka pazia ya nini, anaficha nini? Mama yetu aliuliza vivyo hivyo. Nikamwambia, mathe, wewe ukivaa unafunga mlango, na hakuna mtu anakuuliza unaficha nini. Alinyamaza kidogo, akasema basi hiyo kamba ikazwe vizuri.

Lakini pazia bila heshima ni kitambaa tu. Kwa hivyo tukaweka sheria ya nyumba, na inahusu hata mimi mkubwa: ukifika hapo, simama, sema hodi, ungoje karibu. Asipojibu, rudi ukae. Hii haigharimu hata shilingi moja, na bila hiyo ile 1,000 yote ni hasara.