Karatasi Yangu Ubaoni

Nilipoajiriwa mwaka 2011 katika kampuni moja ya kutengeneza programu za kompyuta jijini Dar es Salaam, kazi yangu ilielezwa kwa maneno mawili tu: kuandika miongozo. Vijana watatengeneza programu, nami nitaandika kitabu cha kumwelekeza mtumiaji aanzie wapi, abonyeze nini, na akikwama afanyeje. Nilikuwa nimetoka kwenye ualimu wa sekondari, nikifundisha Kiswahili, na nilidhani sijapata kupewa kazi rahisi kama hiyo. Mwalimu gani atashindwa kueleza jambo?

Wakati huo tulifanya kazi kwa mtindo wa zamani ambao wenyewe huuita maporomoko, kwa kuwa kila hatua huangukia inayofuata wala hairudi juu. Mahitaji ya mteja yaliandikwa yote kwanza, programu ikasanifiwa, ikatengenezwa, ikajaribiwa, kisha mwisho kabisa ndipo nikaitwa mimi. Mtindo ule ulikuwa na kasoro zake, tena nyingi, lakini kwangu ulikuwa na raha moja: nilipoitwa, nyumba ilikuwa imekwisha kuezekwa.

Mwaka 2013 tukahamia ajaili. Msomaji ambaye hakupitia ofisi hizi anivumilie nieleze kidogo. Februari mwaka 2001 watu 17 wa fani ya programu walikutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, wakatoa tamko fupi juu ya namna bora ya kufanya kazi yao. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayozaa makabati ya karatasi kabla ya kuzaa programu. Wakasema wanaithamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi zinazotaka kueleza kila kitu. Lakini wakaongeza kwamba hivyo vitu vya upande wa pili navyo vina thamani yake, ila vile vya upande wa kwanza vinatangulia. Nyongeza hiyo sijapata kukutana na kijana wa programu aliyeikumbuka bila kukumbushwa.

Basi kazi yetu ikakatwa vipande vya wiki mbili mbili, kila kimoja kikaitwa sprinti, yaani mbio fupi. Kila asubuhi tulisimama mbele ya ubao kwa dakika 15, kila mtu akieleza alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Kila kazi iliandikwa kwenye karatasi ndogo ya kunata. Karatasi ilianzia kushoto, ikapita katikati, ikaishia kulia palipoandikwa "Imekwisha". Katika ubao ule wote hapakuwa na karatasi yangu hata moja. Zamu yangu ya kusema ilipofika siku ya kwanza, kiongozi wa timu aliniambia, tena kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe subiri kwanza. Tukitulia utaandika."

Hawakutulia. Na kusema kweli hawakupaswa kutulia, maana uzuri wa mtindo ule ndio huo, kwamba kila wiki mbili mteja anapata kitu kipya na kusema anachokitaka. Aliyekosea ni mimi, niliyekaa pembeni nikingoja siku ambayo haimo katika kalenda yao.

Programu yetu kubwa wakati huo ilikuwa ya kuhesabu dawa katika zahanati. Mwanzoni ilihesabu vidonge. Dawa mseto ya malaria huja katika pakiti kulingana na uzito wa mgonjwa: za vidonge 6, 12, 18 na 24. Wauguzi wenyewe wakaomba hesabu iwe ya pakiti, kwa kuwa ndivyo wanavyoipokea na ndivyo wanavyoitoa. Ombi la busara. Kijana mmoja akalichukua, na kwa siku tatu karatasi yake ikafika kulia. Imekwisha. Lakini kitabu changu, kilichokuwa kimetoka kiwandani mwezi uliotangulia, ukurasa wa 14 kilisema: hesabu vidonge vyote, kisha andika jumla.

Katika zahanati moja mkoani Pwani mganga mfawidhi alikuwa likizo, na nesi mgeni akashika kitabu. Alikuwa na pakiti 30 za watoto wadogo, kila moja vidonge 6. Akahesabu, akapata 180, akaandika 180. Programu ikasoma pakiti 180, ikaona dawa ipo tele, haikuagiza nyingine. Kabla ya mwezi kwisha, rafu ya dawa ya watoto ikawa tupu.

Nilitumwa huko nikatazame "mtumiaji alikosea wapi". Yule nesi hakubishana nami. Alifungua ukurasa wa 14, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Kaka, nimefuata kitabu." Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. Pale pa kujaza paliandikwa neno moja tu: "Idadi". Idadi ya nini? Hapakusema. Nikiwa bado nimesimama hapo, mama mmoja aliandikiwa karatasi akanunue dawa dukani. Aliikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka na mtoto mgongoni. Sikujua kama katika pindo lile mlikuwa na fedha.

Njiani nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Ukurasa wa 14 uliniuma, lakini neno "Idadi" liliniuma zaidi. Kama ningekuwa mbele ya ubao siku ile kazi inaanza, nikatakiwa niieleze, swali langu la kwanza lingekuwa hilo hilo: idadi ya nini? Mwandishi ni mtu wa kwanza kutoelewa. Ofisi yetu ilikuwa inanilipa nisielewe mapema, kisha ikaniambia nisubiri.

Niliporudi nilidai karatasi yangu ubaoni. Vijana walipinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: ukiandika Jumatatu, Alhamisi yote ni uongo. Nililiona hilo mwenyewe. Katika mbio ya kwanza niliandika kurasa 11 juu ya sehemu ambayo ilifutwa kabla wino haujakauka. Tangu hapo nikajifunza kwamba siku za mwanzo ni za maswali, na kuandika kungoje siku tatu za mwisho, kitu kikianza kushika umbo. Tukakubaliana pia maana mpya ya "Imekwisha": karatasi haivuki hadi dada wa mapokezi asome maelezo yangu na kuifanya kazi ile mwenyewe, nasi tumenyamaza nyuma yake. Kunyamaza huko ndiko kulikowashinda vijana kuliko yote.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba vitabu vyangu vilipungua. Nikishindwa kueleza jambo kwa sentensi tatu, mara nyingi kasoro haikuwa katika Kiswahili changu. Kioo kilipoandikwa "Idadi ya pakiti", nusu ukurasa wangu ukawa hauna kazi tena, nami nikaufuta bila uchungu. Kitabu cha kurasa 96 kikafika 40.

Karatasi iliyokwisha kuchapwa, hata hivyo, haina dawa. Ofisini tunabadilika kila wiki mbili. Zahanati haipati kitabu kipya kila wiki mbili. Sasa kitabu kinabeba yale yasiyobadilika, kama vile kwa nini dawa ihesabiwe na taarifa ipelekwe lini. Yanayobadilika yanaandikwa ndani ya programu yenyewe, na kwa ukutani tunapeleka karatasi moja yenye tarehe kubwa juu, inayoomba ile ya zamani ing'olewe. Haing'olewi kila mara. Nimekuta kuta zenye karatasi tatu, kila moja na amri yake.

Miaka kadhaa baadaye nilipita katika zahanati nyingine, nikakuta kitabu changu cha kwanza mezani, jalada limeshonwa kwa uzi. Nikafungua ukurasa wa 14. Neno "vidonge" lilikatwa kwa biro, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kulala, mtu aliandika "pakiti". Nilimwomba muuguzi anipe kile, nimpe kipya nilichokuwa nacho kwenye mkoba. Alikataa. Alisema kile amekwisha kukisahihisha.