Jioni ya Kuamkia Arusi huko Kirungu

Juu ya arusi yenyewe mmekwisha kusoma mengi: mavazi, ngoma, gharama. Leo twapenda kuwachukua katika safari ya ziwani mpaka Kirungu, ili tutazame pamoja jambo ambalo jamaa nyingi hulisahau, yaani chakula cha jioni ya kuamkia arusi.

Tuliondoka Bukavu katika mwezi wa Agosti, miaka kadhaa iliyopita, jumla watu tisa: bwana arusi, wazazi wake, shangazi yake, ndugu zake wanne, na sisi tulioalikwa kwa sababu tulimfundisha kijana huyo shuleni. Tulitelemka milima, tukalipita bonde la Ruzizi, na huko Kalundu, bandari ya Uvira, tukapanda meli.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika karibu meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal peke yake lililolipita kwa kina. Wakati wa kiangazi upepo hutoka kusini kwa nguvu, na mawimbi huinuka. Shangazi, ambaye hakuzoea ila Kivu tulivu, alishika rozari yake mpaka Kalemie, wala hakutaka kusikia habari za kina hicho. Kutoka Kalemie tuliendelea kusini mpaka Moba. Bandari iko chini ufukoni, na Kirungu iko juu yake. Yakupasa kupanda, na kadiri upandavyo hewa yazidi kuwa ya baridi.

Kirungu, iliyoitwa Baudouinville zamani za Wabelgiji, ni mahali penye historia. Hapo ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza Mkongo katika nyakati hizi mpya. Na upande wa kaskazini, pwani ya ziwa, kuna Mpala. Huko alikaa kapteni Mfaransa Léopold Joubert, aliyekuja kuwalinda watu wa misioni na wafanya biashara ya utumwa. Naye mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hiyo. Basi arusi ya watu wa makabila mawili si jambo geni katika nchi hii. Hata hivyo, kila arusi ya namna hiyo ina masomo yake, nasi tulipata letu.

Bwana arusi wetu ni Mshi. Kwao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na mahari ni ng'ombe, au fedha badala yake. Bibi arusi ni Mtabwa. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Jamaa ya kijana walikuwa wametoa mahari yote kwa uaminifu, mkononi mwa baba ya binti, wakadhani mambo yamekwisha.

Ijumaa alasiri tulikwenda kanisani kwa mazoezi. Paroko aliwaonyesha maarusi mahali pa kusimama, mashahidi wawili mahali pao, na aliyeshika pete wakati wa kuzitoa. Akawaambia: «Kesho mimi nitapokea neno lenu kwa jina la Kanisa. Lakini ni ninyi wenyewe mtakaopeana ndoa. Basi semeni kwa sauti.» Kijana alijaribu, sauti ikamkauka, sote tukacheka. Mama ya binti peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mlangoni. Ndugu yake hakuja.

Tulipotoka, baba ya kijana aliuliza sababu. Alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tumsindikize. Chakula kilikuwa tayari kinanukia, akasema kingoje.

Tulimkuta mjomba ameketi mlangoni pake. Baba ya kijana alivua kofia, akasema: «Mzee wetu, tumekosa. Kwetu twamtazama baba. Hatukuuliza desturi ya hapa. Kama kuna kilichopunguka, tuambie.»

Mzee alijibu: «Sitaki ng'ombe wako. Nilitaka mpite hapa kwangu, mniambie kwamba mwamchukua mtoto wa dada yangu. Sasa mmepita.» Akaingia ndani, akatoka na koti lake.

Chakula kililiwa uani, mbele ya nyumba ya binti. Watu walikuwa thelathini tu: wazazi, wajomba, mashangazi, mashahidi, paroko. Huko Marekani kuna desturi kama hiyo: baada ya mazoezi ya kanisani, wazazi wa bwana arusi huwakaribisha jamaa na wasimamizi kwa chakula cha jioni. Baba ya kijana wetu hakuwa na habari za Marekani, lakini alikuwa ameomba tangu mapema kulipa nusu ya gharama, nayo haikuwa kubwa: mikebuka ya kukaanga iliyovuliwa ziwani, kuku, sombe kwa mawese, maharagwe, na ugali wa muhogo. Mama ya binti aliwaketisha wageni na wenyeji wamechanganyika, asiache Washi upande huu na Watabwa upande ule.

Maji ya kunawa yalipoletwa, baba ya kijana alichukua birika mikononi mwa mtumishi, akammiminia mjomba mwenyewe. Hapo mama ya binti alitoa kitambaa akajifuta macho.

Baada ya kula, mzee alisimama, akamwambia kijana maneno machache: «Siku mtakapokosana, maana mtakosana, usimrudishe mke wako kwao kwa hasira. Njoo kwangu wewe mwenyewe, tuzungumze.» Saa tatu ya usiku kila mtu alikuwa amekwenda kulala, na asubuhi kijana alisema neno lake kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma ya kanisa.

Wazazi mnaojiandaa kuoza, mwaweza kufanya vivyo hivyo kwa fedha kidogo. Msiite kijiji kizima. Kesho yake yatosha kwa hao. Waiteni wale ambao nyumba changa itawakimbilia siku ya shida. Kuleni mapema, hotuba ziwe fupi, pombe isiwe nyingi, maana maarusi wahitaji usingizi na moyo mtulivu. Na kabla ya kuinjika chungu, wazazi wa pande mbili waulizane: je, tumemsahau nani? Akiwapo, nendeni kwake kwa miguu yenu, ingawa chakula kitapoa.