Katikati ya Ubeti

Shabiki wa timu ndogo hukosa usingizi msimu ufikapo nusu. Hapo ligi hufanana na ubeti wa tarbia uliokwisha kupata mishororo miwili: vina vimewekwa, kituo hakijajulikana.

Sisi wa Geita tulipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Msimu ule ule wa kwanza Geita Gold ikamaliza ya nne, George Mpole akawashinda wafungaji wote kwa mabao 17, na mwaka 2022 tukaonja Kombe la Shirikisho la Afrika. Neema ile ndiyo iliyotuzidishia hofu. Ligi iliposimama Januari 2024 kupisha Kombe la Mataifa ya Afrika, nilikuwa nikiusoma msimamo kuanzia chini kwenda juu, nikiwakumbuka jirani zetu wa Shinyanga: Stand United walioshuka mwaka 2019, na Mwadui, wana wa mgodi wa almasi, walioshuka mwaka 2021.

Lakini palikuwa na hofu iliyozidi ile ya pointi. Simba au Yanga wajapo, wenyeji wengi huvaa jezi za wageni na kuizomea timu ya mji wao. Tukishuka, nani atatulilia?

Mei 2024 tulishuka. Muuza kahawa wangu, Yanga wa damu, ambaye timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa, siku ile hakunitania. Alinimiminia kikombe, akaketi, akaniuliza mechi yetu ya kwanza huko chini itachezwa lini.