Si Virusi, Si RAM: Video ya Dakika 22

Mwambie mwanachuo yeyote kwamba video inaganda kwenye kompyuta yako, atakupa jibu moja kati ya matatu: bando, virusi, au "mashine imechoka". Nimeyasikia hosteli tangu mwaka wa kwanza, na sijaona yakimsaidia mtu isipokuwa fundi. Shida yake ni kwamba ukishakuwa na jibu hilo huna haja tena ya kuiangalia hiyo video yenyewe.

Na ukiiangalia, inasema mengi. Video ya YouTube inayosubiri mtandao husimama yote, picha na sauti, kiduara kinazunguka, halafu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo kweli ni mtandao. Shusha hadi 480p au subiri usiku watu walale. Lakini kuna kuganda kwa aina nyingine. Sauti inakwenda bila tabu, picha ndiyo inarukaruka. Mtu ananyanyua kikombe, na kabla hujakiona kikifika mdomoni kimesharudi mezani. Hapo bando halihusiki kabisa, hasa kama video iko kwenye flashi na kompyuta haina hata intaneti. Ndivyo ilivyokuwa video ya bibi yangu.

Bibi anaishi Ngamiani, Tanga mjini. Dada yake aliolewa akahamia Muscat kabla mama yangu hajazaliwa, na mwaka huu amefariki hukohuko. Mara ya mwisho kuonana ana kwa ana mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Baada ya arobaini, binamu yangu mmoja akaja likizo na flashi. Ndani mna faili moja tu: dada mtu amekaa kwenye kochi, anaongea na mdogo wake kwa dakika 22. Ilirekodiwa wiki chache kabla hajafariki.

Utauliza kwa nini tusimwoneshe kwenye simu. Bibi ana mtoto wa jicho. Kwenye simu anaona kivuli kinachocheza. TV yetu ni ile ya chogo, haina pa kuchomeka flashi. Kilichobaki ni kompyuta ya mezani aliyoinunua mjomba ikiwa imetumika, ina skrini ya kutosha na bibi akisogeza kiti anaona sura.

Tukaiwasha. Sauti ikatangulia, mdomo ukafuata nyuma. Uso ukaganda jicho likiwa nusu wazi huku maneno yanaendelea, kisha ukaruka, ukaganda tena. Bibi alivumilia kama dakika mbili. "Izimeni," akasema. "Huyu si dada. Dada hakuwa akitetemeka hivi." Akaenda zake uani, na siku nzima hakuna aliyethubutu kuitaja ile flashi.

Fundi wa mtaani, kwa simu, bila kuiona video wala kompyuta, alisema: "Hiyo piga windo mpya, halafu ongeza RAM." Jumla yake ilikuwa zaidi ya nauli yangu ya kurudi chuoni.

Sisi wa elimu tunafundishwa kwenye kozi ya upimaji kwamba kumpa mtoto sifuri ni jambo moja, na kujua amekwama wapi ni jambo lingine. Mtoto anayekosa kugawanya huenda anajua kugawanya vizuri tu, ila kutoa kunamshinda. Unamjua kwa kumpa maswali yanayotofautiana kitu kimoja kimoja. Nikaona kompyuta nayo inaweza kupewa mtihani wa namna hiyo.

Swali la kwanza: je, ni flashi? Nikaihamisha video kwenye diski ya kompyuta, nikaicheza kutoka huko. Inaganda vilevile. Flashi haina kosa. Swali la pili: je, video zote zinaganda? Nikafungua ya harusi ya mjomba, ya miaka mingi iliyopita. Ikatiririka kama maji, biharusi na kanga zote na vigelegele. Jaribio hili moja ndilo la thamani kuliko yote, na ni la bure. Kama video nyingine inacheza vizuri kwenye mashine ileile, basi diski, waya, skrini na Windows yenyewe kwa sehemu kubwa haviwezi kulaumiwa.

Swali la tatu nikaiuliza kompyuta yenyewe. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka dirisha linaloonesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Nikaicheza video ya Muscat huku natazama. RAM, GB 4, imetumika nusu na ushee. Diski imelala. Prosesa: asilimia 100, haishuki. Ushauri wa RAM ukafia hapo. Kuongeza RAM kwenye mashine hiyo ni sawa na kumwongezea madaftari mwanafunzi ambaye kalamu yake ndiyo imekwisha wino.

Sasa kwa nini prosesa izidiwe na video hii, isizidiwe na ile? VLC inakuambia. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J. Ya harusi ilikuwa H.264, pikseli 1280 kwa 720. Ya Muscat ilikuwa HEVC, pikseli 3840 kwa 2160. Ukiingia upande wa takwimu kuna hesabu ya fremu zilizopotea, na ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu. (Hiyo VLC, kwa taarifa yenu, ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu 2001 ni programu huria. Wanafunzi kama sisi.)

Hapa inabidi nieleze kidogo. Video haihifadhiwi kama picha nzima nzima. Ingekuwa hivyo isingeenea kwenye flashi yoyote. Inahifadhiwa kama mwalimu anayeita mahudhurio kwa kutaja watoro tu: picha moja kamili, halafu zinazofuata zinataja kilichobadilika. Kompyuta ndiyo yenye kazi ya kujenga upya picha kamili kutoka kwenye hizo taarifa za mabadiliko. H.264, iliyoidhinishwa 2003, inaigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. HEVC ya mwaka 2013 inaruhusu miraba hadi 64 kwa 64 na njia nyingi zaidi za kukisia nini kitasogea wapi. Faili linakuwa dogo, lakini anayelifungua anatoka jasho.

Kompyuta yetu ni Core i3 ya kizazi cha tatu, teknolojia ya 2012. Ndani yake kuna sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kufungua H.264, ndiyo maana harusi iliteleza. Ya HEVC haina, kwa sababu HEVC yenyewe ilikuwa bado haijaidhinishwa. Kwa hiyo prosesa ikabeba mzigo wote kichwani. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 33 tu za kujengwa. Inayochelewa inatupwa, kwa sababu programu inafuata saa ya sauti. Jicho linasamehe picha iliyoruka, sikio halisamehi sauti iliyokatika.

Kinachochekesha ni kwamba skrini yetu ina pikseli 1366 kwa 768. Fremu moja ya video ile ina pikseli zaidi ya milioni 8, skrini inaonesha milioni moja tu. Mashine ilikuwa inajiua kutengeneza vitu ambavyo vingi vyake havionekani. Binamu hakufanya ubaya wowote. Alitaka shangazi yake arekodiwe kwa ubora wa juu kabisa, na iPhone tangu iOS 11 ya 2017 huhifadhi kwa HEVC isipoambiwa vinginevyo. Ukiwa na ndugu nje, mwambie aende kwenye mipangilio ya kamera, kwenye fomati, achague ile inayoelewana na vifaa vingi, na arekodi kwa 1080p. Inatosha sana.

Kabla ya kufanya lolote nilifungua kasha nikasafisha feni kwa brashi ya rangi. Upepo wa chumvi wa Tanga na vumbi la Ngamiani vikikutana ndani ya kompyuta vinatengeneza kitu kama kilemba cha sufi. Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo vumbi nalo linagandisha video, hasa baada ya muda. Kwetu halikuwa tatizo kuu, lakini kama video yako inaanza vizuri na kuharibika baada ya nusu saa, anzia hapo.

Dawa yenyewe ilikuwa kuibadilisha video. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake. Unaipa faili, unaiambia unataka H.264, 720p, unaiacha. Haina haja ya kuwahi milisekunde 33. Inachukua muda wake, fremu moja baada ya nyingine, hakuna inayotupwa. Niliianzisha saa nne usiku. Saa sita kasoro umeme ukakatika, na faili lililofika nusu halifunguki, ni takataka. Nikaanza upya alfajiri. Saa tatu nzima kwa video ya dakika 22, feni inalia kama cherehani. Ilitoka na ukubwa wa MB mia nne hivi kutoka GB 3.7, na ile ya asili nikaihifadhi kando bila kuigusa, maana siku moja mtu atakuwa na skrini inayoiweza.

Nikaijaribu kwanza peke yangu, sauti chini. Prosesa asilimia 15. Mdomo na maneno pamoja.

"Bibi, njoo umwone dada yako."

"Katengenea?"

"Katengenea."

Akaja na khanga begani, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Dakika za mwanzo hakusema kitu. Karibu na dakika ya tisa marehemu akaanza kuhesabu nyumba za mtaa waliokulia, kuanzia kona: kwa shehe, kwa fundi cherehani, kwa mama wa maandazi.

"Rudisha," bibi akasema. Nikarudisha.

"Kwa mama wa maandazi, halafu ndo kwa fundi cherehani. Kachanganya. Si mie nilikuwa namwambia siku zote, kichwa chake hakishiki mitaa."

Akaendelea kumsahihisha hadi dakika ya 22, na baada ya swala ya alasiri akataka waanze tena.