Anza na Gunzi

Mpwa wangu mpenzi,

Mimi na mkaza mjomba wako hapa St. Louis tumefurahi kusikia kwamba baridi ya Minneapolis umeanza kuizoea na kazi ya ghalani inakwenda vizuri. Picha za viko viwili ulizonitumia nimeziona. Vyote ni vya mti wa braya, na hicho cha bei nafuu ni dola 240. Umeniuliza uchukue kipi. Usichukue hata kimoja. Nunua kiko cha gunzi, gunzi hili hili la mahindi, na cha kawaida hakitakufikisha dola 20.

Kuna neno ambalo mjomba hana budi kulisema kwanza. Tumbaku inaua. Wavuta kiko hujifariji kwamba moshi hawaushushi mapafuni, lakini nikotini hupenya kwenye nyama za mdomo, uraibu wake ni ule ule, na saratani ya mdomo na ya koo inawapata. Ungeniuliza uanze au usianze, ningekwambia usianze, na barua ingeishia hapo. Hukuniuliza hivyo. Umeshaazima kiko cha mwenzako wa kazini, umeonja, umependa, na wewe ni mtu mzima mwenye mshahara wake. Lililobaki kwangu ni kukusihi uingie jambo hili na chombo ambacho hakitakuzuia kutoka.

Shabaha yangu ni hiyo tu. Mtu aliyetoa dola 240 kwa kiko hujiona ana deni. Atavuta hata jioni ambayo hana hamu, kwa kuwa pesa zimeshatoka, na siku akifikiria kuacha ataona anatupa mali. Mwenye gunzi hana mzigo huo. Akivuta mwezi mmoja akaona halimfai, analitupa na maisha yanaendelea. Katika rafiki zangu waliowahi kushika kiko wengi wameacha, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Waliopata taabu zaidi kuacha ni wale waliokuwa na kabati lililojaa viko vya fahari.

Usidhani nakusukumia kitu cha kimaskini. Ukitoka hapa kwetu kuelekea magharibi, kiasi cha kilomita 80, unafika mji mdogo uitwao Washington, ukingoni mwa mto Missouri. Hapo pana kiwanda cha Missouri Meerschaum, ambacho kinahesabu umri wake tangu mwaka 1869. Henry Tibbe aliyekianzisha alikuwa mhamiaji kutoka Uholanzi, fundi wa kukereza mbao. Inasimuliwa kwamba mkulima mmoja wa jirani alimpelekea gunzi amkerezee kiko, kikampendeza mno. Tibbe akatengeneza vingine akaviweka dukani, vikanunuliwa hata akaacha kazi nyingine. Baadaye akapata njia ya kuziba vitundu vya gunzi kwa plasta ili uso uwe laini na imara, na mwaka 1878 akapewa hataza. Mahindi yao ni ya mbegu maalumu. Mkulima wa kawaida anataka punje nyingi na gunzi jembamba, wao wanataka gunzi nene, gumu, hata punje zikiwa chache. Yakishapukuchuliwa, magunzi huwekwa ghalani kama miaka miwili yakauke na kukaza ndipo yatobolewe. Mimi niliyekulia Handeni, ambako gunzi ni la kuwashia moto, nilikitazama kiwanda kile kwa heshima kubwa. Watu wameishi kwa mabaki ya shamba kwa zaidi ya miaka 150!

Na waliovuta gunzi si wakulima peke yao. Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani, ambaye angeweza kupata kiko chochote alichotaka, alishuka kwenye ndege uwanja wa Atsugi, Japani, tarehe 30 Agosti 1945 akiwa na kiko cha gunzi mdomoni. Chake kilikuwa na kichwa kirefu kuliko vya kawaida, na kiwanda kile bado kinauza mfano wake.

Sasa kuhusu braya. Siidharau hata kidogo. Ni kivimbe kigumu kinachoota chini ya shina, pale mizizi inapoanzia, kwenye vichaka vya nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Moto wa nyika ukipita, matawi yote huteketea lakini kivimbe hubaki hai na kuchipua upya. Ustahimilivu huo ndio uliowavutia mafundi wa viko wa Saint-Claude, Ufaransa, katika karne ya 19. Kivimbe huchukua miongo ya miaka kukua, huchemshwa saa nyingi kitoe utomvu, kisha hukaushwa miezi kwa miezi. Bei yake ina sababu, na wanaoitengeneza wanastahili kulipwa.

Lakini braya mpya inataka mkono uliozoea. Ukuta wake wa ndani haujapata ukoko wa masizi wa kuulinda, na ukoko huo hujengeka taratibu, kwa moto mdogo. Mvutaji mpya hana moto mdogo. Anaogopa tumbaku itazimika, basi anavuta kwa pupa, mvuto juu ya mvuto, kichwa kinachemka mpaka hakishikiki. Ulimi unababuka kwa mvuke wa moto, na pale mti ulipo dhaifu unaungua ndani. Tena braya ikivutwa leo inapaswa ipumzishwe ikauke. Ukiirudia rudia inalowa na kuwa chungu. Kwa hiyo wenye braya huwa na viko kadhaa vya kupokezana, na hapo ndipo matumizi yanapozaa matumizi.

Gunzi linakusamehe mengi ya hayo. Lina vinyweleo, linafyonza unyevu, moshi unatoka mkavu, nalo hukauka upesi. Halihitaji kuzoeshwa. Ni jepesi, unaweza kulibana kwa meno huku mikono ikifanya kazi nyingine. Kisha fikiria tumbaku yenyewe. Hujajua bado kama utapenda burley, virginia, zile zilizotiwa manukato ya vanila, au zile zenye latakia iliyokaushwa kwa moshi, ambayo harufu yake huganda ndani ya kiko isitoke. Kwa magunzi unatenga moja kwa kila aina. Kwa kiko cha dola 240 huwezi.

Lina kasoro zake pia, uzijue mapema. Mara za mwanzo utaonja kidogo ladha ya mahindi yaliyoungua, inaondoka. Kwenye viko vingi vya gunzi, shingo ya mti huchomoza ndani ya kichwa, karibu na kitako, kwa hiyo usilazimishe moto mpaka chini kabisa, ukaunguza kile kijiti. Acha tumbaku kidogo ibaki, imwage. Na gunzi halidumu kama braya. Litachakaa, ndivyo lilivyo, na utanunua jingine bila uchungu.

Namna ya kuvuta utajifunza kwa kuvuta, ila shika machache. Tumbaku ikiwa na unyevu mwingi, itandaze kwanza ipate hewa. Jaza kwa mafungu matatu: la kwanza liachie tu lidondoke, la pili likandamize kidogo, la tatu likaze zaidi kidogo, na ukivuta kabla ya kuwasha hewa ipite bila kizuizi. Washa kwa kiberiti, tumbaku itavimba. Ishindilie polepole, uwashe tena. Baada ya hapo nyonya taratibu kama mtu anayekunywa kahawa chungu ya moto. Ikizimika, iache izimike, utaiwasha tena. Kichwa kikikuunguza kiganja, weka chini. Usichomoe mdomo wa kiko kingali moto, utapasua shingo. Ukimaliza, pitisha kijiti cha kusafishia chenye nyuzi, kausha kiko, ukilaze.

Na usivutie ndani. Mtoto wako ana mapafu ya miezi michache, na moshi hushika kwenye mapazia na nguo hata ukifungua dirisha. Baridi ya huko ikikukatalia kutoka nje, basi siku hiyo hakuna kiko, na itakuwa heri kwako.

Mama yako usimfiche. Mimi sitamwambia, lakini akiniuliza sitamdanganya dada yangu.

Kama ulishaweka oda ya braya na hujailipia, ifute leo. Nunua magunzi mawili na pakiti ndogo ya burley isiyo na manukato, uvute mara moja moja, siyo kila siku, halafu mwakani tukijaaliwa tuzungumze. Kama utakuwa umeacha, nitafurahi kuliko nitakavyoweza kukueleza kwenye simu. Kama bado unavuta na daktari wa meno amekuangalia asione tatizo, njoo huku, nitakaa nawe dukani na kukusaidia kuchagua braya moja iliyo nzuri.

Msalimie mkeo, umbusu mtoto.

Wasalaam,
Mjomba wako